Ukuta Mbichi

Mwalimu alisikia harufu ya rangi kabla hajaiona nyumba. Alikuwa anatoka shuleni, mkoba begani, madaftari ya watoto kwapani, na kichwani amejaa Jumanne tu. Jumanne ndiyo ilikuwa kesho. Akajisemea labda ni Kinyozi wa jirani, maana yule bwana hubadilisha rangi ya mlango kila anapogombana na mkewe. Lakini alipopita kwa Kinyozi mlango ulikuwa ule ule wa kijani, na kando yake ukutani X nyekundu ya halmashauri, kubwa kama mtu aliyetanua mikono. Harufu ikazidi. Akaongeza hatua.

Alipofika kwake akasimama katikati ya barabara. Lori likampigia honi, hakusogea.

Ukuta wa mbele wa nyumba, wote, kutoka nguzo ya kwanza ya baraza hadi ya mwisho, ulikuwa wa bluu. Bluu ile ya mafuta inayopakwa hospitali, inayong'aa mpaka unajiona meno. Chini yake alikuwa Bibi, mama wa mumewe, amejifunga kitambaa kichwani, brashi mkononi, anamalizia kona. Mama Mkaa, jirani yao muuza mkaa, alikuwa ameshika ndoo na kumsimamia kama msimamizi wa kiwanda.

"Hapo juu umeruka, Bibi. Hapo, hapo! Aa, kulia kidogo."

Bibi akageuka, uso mzima umerukiwa na bluu, anacheka. "Umerudi, mwanangu! Njoo uone. Kesho waje hata mawaziri, hatuna aibu."

Mwalimu aliinua mkono kumzuia. Madaftari yakamponyoka.

Sasa msianze kumcheka Bibi, nawaomba, kwa sababu hamjasikia habari yenyewe. Halmashauri ya wilaya ile ilikuwa imeamua kupanua barabara iendayo kituo kipya cha mabasi. Nyumba zote za safu ile zilikuwa njiani. Ni nyumba za mawe na udongo, kuta nene kiasi cha mtu kulala dirishani, baraza ndefu, nguzo mbili mbili. Mzaliwa wa kule akiwa mbali na kwao, akisema "nyumbani" huwa anaziona hizo. Zote zilipigwa X isipokuwa ya Bibi. Utaratibu wao ulikuwa hivi: X ipakwe kwenye ukuta wa mbele, mpakaji aipige picha, ikae mwezi mzima bila kufutika, ndipo tingatinga lije. Ikifutika yenyewe, mwezi unaanza upya; mtu akiifuta, ni kosa.

Ya Bibi ilisalimika kwa muda kwa sababu Mwalimu alikuwa ameomba iandikishwe kuwa urithi wa wilaya. Nyumba moja tu ikiandikishwa, barabara ingelazimika kupinda, na safu nzima ingepona. Alihangaika ofisi hadi ofisi, akaambiwa njoo kesho, akaambiwa mhusika yuko mkutanoni, akakalishwa kwenye benchi mpaka sketi ikakunjamana. Mwisho akatumwa afisa wa mambo ya kale, binti mwembamba mwenye viatu vya vumbi. Binti alipouona ukuta wa mbele alitoa kamera kabla hajasalimia. Ulikuwa wa udongo uliokandikwa kwa mkono, na juu yake mistari ya vidole, nusu duara zimepandana kama magamba ya samaki, kutoka nguzo hadi nguzo.

"Msiguse chochote," alisema. "Hata vumbi msifute. Huu ndio utakaowaokoa. Kamati itakuja kuuona."

Mwalimu akamwambia mumewe, fundi wa cherehani anayeshonea pale pale barazani. Fundi akamwambia kaka yake. Kaka yake, ambaye watu humwita Mipango kwa sababu haishiwi nayo, akaliambia soko zima. Na Bibi, mwenye nyumba, aliambiwa na nani? Hakuna. Bibi aliambiwa hivi tu, tena wakati anapokea kikombe cha chai: "Mama, Jumanne tuna wageni wakubwa."

Basi. Hebu wewe ungeambiwa hivyo, na ukuta wako wa mbele ni wa tope lenye vumbi la mwaka juzi, ungefanya nini?

*

Fundi alirudi jioni kutoka kupeleka sare za shule vijijini. Alikuta mkewe amepiga magoti barazani na kitambaa chenye mafuta ya taa, anasugua. Pale alipokuwa amesugua rangi haikutoka. Magamba ndiyo yaliyotoka.

"Acha," akasema. "Acha, mke wangu, unamalizia."

"Niache nini? Nimehangaika mwaka mzima!" Mwalimu alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote, na hakujali nani anapita barabarani. "Mwaka mzima wananiona mwendawazimu kule ofisini, ati mwalimu wa nyumba za tope. Nimevumilia. Halafu mambo yamefika mdomoni, mama anapaka rangi!"

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kushonea, mikono mapajani, bluu imemkauka kwenye kope. Alikwishaelezwa yote. Mama Mkaa alikwishakimbilia kwake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifunga dirisha.

Hapo ndipo Mipango alipofika, shati limepigwa pasi, funguo za pikipiki zinazunguka kidoleni. Akautazama ukuta, akapiga mluzi.

"Loo! Umependeza. Mimi nasema Mungu ameamua. Tuchukue fidia yetu mapema, tugawane, kila mtu ajenge nyumba ya watu. Bati jekundu, vigae chini, choo cha ndani. Nyumba hii ina nini? Panya."

"Ina mama yako," Fundi akamjibu.

"Mama atakaa kwangu."

"Chumba kipi? Kile cha matairi?"

"Nyie!" Bibi akasema. Hakupaza sauti, lakini hata funguo zilisimama. "Mnanigawa nikiwa nimekaa hapa hapa. Nani aliniambia kuhusu huu ukuta?"

Fundi akatazama cherehani, Mwalimu kitambaa chake.

"Nauliza. Huyo binti alikuja mwezi uliopita, akapiga mapicha, mimi nikaambiwa nikamchemshie chai. Nikachemsha. Mkasimama hapa mnanong'ona, nikitokea mnaacha. Nikajua labda ni mambo ya wasomi. Mkaniambia wageni wanakuja. Hamkuniambia wanakuja kutazama uchafu wangu! Ningejua wanaupenda ningeuacha. Ningeuongeza!"

Fundi alitaka kucheka, akameza. Mwalimu hakucheka. Alimwangalia mama mkwe wake, yule mwanamke ambaye hajawahi kupokea mgeni bila kufagia uwanja mara mbili, na aibu ikampanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Alikuwa amejaza kurasa na kurasa juu ya nyumba hii. Alihoji wazee wa soko, alihoji karani mstaafu, alienda kumhoji mtu hata wilaya ya pili. Mtu anayelala chumba cha pili kutoka chake hakumhoji.

"Mama, nisamehe," akasema.

"Samahani yako nitaipokea kesho," Bibi akajibu. "Leo bado nina hasira."

*

Kamati ilikuja na magari mawili, ingawa watu wote wangetosha kwenye moja. Mwenyekiti wa ujenzi wa halmashauri, mtu mnene wa suti ya kahawia, alishuka wa kwanza. Fundi alimsogezea kiti bora cha nyumba. Mwenyekiti akatoa leso, akafuta kiti, akaitazama leso, halafu akaamua kusimama. Bibi aliyekuwa ameketi karibu aliona yote hayo. Kiti kile alikuwa amekifuta mwenyewe asubuhi, mara tatu.

Binti wa mambo ya kale alishuka wa mwisho. Alipouona ukuta alishika kifua. "Hapana," akasema. "Hapana, jamani, hapana. Mmefanya nini?"

Mwenyekiti aliutazama ukuta, tumbo lake likaanza kutikisika kwa kicheko. "Samahani, nauliza tu. Dirisha la dawa ni lipi?"

Wajumbe wakacheka. Mmoja akajifanya kushika mgongo, akauliza kama daktari yupo zamu. Watu wa safu walikuwa wamekusanyika barabarani, Kinyozi, mkewe, Mama Mkaa, wengine na wengine, na hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa na X yake nyumbani na aliweka tumaini lake kwenye ukuta huo huo.

"Chini ya rangi upo bado," binti akajaribu. "Mheshimiwa, nilikuonyesha picha. Tukipewa muda, kuna namna ya..."

"Dada, picha niliona. Ofisi haiandikishi picha." Mwenyekiti akafungua faili. "Hapa imeandikwa, namsoma Mwalimu mwenyewe: ukuta huu una umri wa zaidi ya miaka mia moja. Mia moja! Sasa hii bluu nayo ni ya enzi za babu?"

"Nani kasema miaka mia?" Bibi akauliza.

Mwalimu akafumba macho. Alijua, kama unavyojua glasi inapokutoka mkononi kabla haijafika chini.

"Si mkweo huyu, bibi. Ameandika."

"Nyumba ni ya zamani, sikatai. Mawe yaliwekwa na babu wa mume wangu. Lakini udongo huu wa mbele ni wangu mimi. Nimeukandika kwa mikono hii mwaka niliokuwa na mimba ya huyu Fundi. Wa kabla ya huo aliukandika mama mkwe wangu, na nikaubomoa mwenyewe, akiwa amekaa hapo ananitukana kwamba nabomoa vibaya. Udongo ukichoka unaubomoa, unaweka mwingine. Miaka mia, ungekuwa umebaki?"

Watu barabarani waliguna. Mke wa Kinyozi akasema "Uwii" kwa sauti ndogo. Mipango, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake, alijipiga paji la uso, ingawa moyoni alikwishafika kwenye vigae.

Mwenyekiti aligeuka kwa furaha ya mtu aliyepewa zawadi asiyoitegemea. "Mmesikia? Mwenye nyumba mwenyewe. Kumbe tumeitwa kuja kutazama uongo! Mwalimu, watoto wetu unawafundisha hivi?"

Mwalimu hakuwa amedanganya kwa makusudi. Aliuona ukuta, ukaonekana wa kale, akaandika. Alitaka kusema hivyo, lakini mbele ya wazazi wa wanafunzi wake wote, neno uongo likiwa bado limening'inia hewani, kila neno lingesikika kama kisingizio. Fundi akamshika mkono.

"Tumemaliza," Mwenyekiti akafunga faili. "Hakuna urithi hapa. Kesho mpakaji aje apige X, na safu yote iende pamoja. Twendeni, jua kali."

"Hamjamaliza," Bibi akasema. "Mmekuja kuona ukuta. Hamjauona."

Akaingia ndani. Watu walidhani ameenda kulia, na Mwenyekiti akatazama saa. Bibi alitoka na panga. Mjumbe mmoja akaruka nyuma ya nguzo. Lakini Bibi hakuwa na habari nao. Alichomeka panga chini ya kona ile aliyoimalizia jana, akakandamiza, na kipande kikubwa cha bluu kikabanduka na udongo wake, kikaanguka, vumbi likawafunika wote mpaka suti ya kahawia ikawa ya kijivu.

"Mama!" Mipango akapiga kelele. "Unawasaidia kubomoa!"

"Nyamaza wewe. Nabomoa changu."

Akachomeka tena. Kipande kingine kikaanguka. Nyuma yake yakaonekana mawe, makubwa, yamepangwa jiwe juu ya jiwe bila pengo la kupenyeza kidole, meusi kwa umri. Binti wa mambo ya kale alisogea kuyagusa, lakini Mwenyekiti alikwishaingia garini anajikung'uta, na dereva akapiga honi. Binti akasita. Honi ikapigwa tena, ndefu, kama anayeitwa mtoto aliyechelewa.

"Bibi," akasema haraka, "naomba usije ukanielewa vibaya. Ukiukandika upya hautahesabiwa kuwa wa kale. Kanuni hazina nafasi ya hilo. Nitaandika ripoti yangu, nitaeleza nilichokiona, lakini sijui kama watasoma."

"Andika, mwanangu. Wewe andika chako, mimi nakandika changu. Haya kimbia, utaachwa."

Binti akakimbia.

*

Kesho yake Mwalimu aliomba ruhusa shuleni. Mwalimu mkuu alimpa, lakini si bure. "Nenda, nenda," alisema, "historia inakungoja," na walimu wengine wakainamia madaftari yao ili kicheko kisionekane. Akafika nyumbani amevimba kwa hasira, akavua viatu mlangoni, akakunja gauni magotini.

Barazani ukuta wote ulikuwa umekwishabanduliwa mpaka mawe, na kulikuwa na rundo la udongo wa kichuguu ambao Fundi alikuwa amesomba tangu alfajiri, mchanga, na majivu kutoka kwa Mama Mkaa, aliyeyatoa gunia zima bila kuombwa kwa sababu ya ile ndoo aliyoishika.

"Nifundishe," Mwalimu akasema.

Bibi akamwangalia miguu. "Hizo kucha utazisahau."

"Nifundishe, mama."

"Kanyaga kwanza. Usirukeruke kama unaogopa. Kanyaga kama una mtu unayemchukia."

Mwalimu alikuwa naye. Alikanyaga mpaka tope likapanda kwenye mapaja. Kila Bibi aliposema maji, Fundi alimwaga maji, na kila aliposema majivu, Mama Mkaa alimwaga majivu na maoni. Udongo ulipokuwa laini wa kushika, Bibi alichukua tonge, akalitupa kwenye jiwe, likanata. Akalipapasa kwa kiganja, kisha kwa vidole vitatu akavuta nusu duara, nyingine juu yake, nyingine tena.

"Mimi nilidhani ni urembo," Mwalimu akasema.

"Urembo upo, mbona upo. Lakini ufa ukianza hapa unafika kwenye huu mstari unakwama. Hauwezi kuvuka. Ukuta laini ufa unatembea mpaka chini." Bibi akaendelea kupapasa. "Mkwe wangu, kwa nini hukuniuliza? Ningekwambia yote haya siku ya kwanza. Na mwaka ningekwambia."

"Nilidhani wewe, mama, unauonea haya. Kila mgeni akija ulikuwa unasema, jamani msitazame ukuta."

"Kusema tu! Mwanamke mzima unataka nisifie ukuta wangu mwenyewe?" Bibi akacheka mpaka akakohoa, na Mwalimu naye akacheka, na Fundi aliyekuwa amebeba ndoo alisimama kuwatazama, akaenda kuchota maji mengine ingawa ndoo ilikuwa imejaa.

Mwalimu alipewa sehemu yake, kati ya mlango na dirisha. Nusu duara zake za kwanza zilikuwa vichekesho.

"Hicho ni nini? Sikio?"

"Ni duara, mama."

"Ni sikio. Futa."

Akafuta, akavuta tena. Akafuta, akavuta. Mpaka adhuhuri ukuta mzima ulikuwa umevaa, kahawia iliyoiva, unameremeta kwa maji, na mistari imeshikana kutoka nguzo hadi nguzo. Sehemu ya Mwalimu ilijulikana hata kwa mpita njia, kwa jinsi ilivyopinda. Bibi alikataa kuirekebisha.

Ndipo mpakaji wa halmashauri akatokea, bwana mrefu mpole mwenye kopo la rangi nyekundu na simu ya kupigia picha. Akasalimia, akajibiwa. Akachovya brashi, akaiweka ukutani, akavuta. Rangi haikushika. Tope lilikuja na brashi, rangi ikateleza nalo, ikadondoka barazani kama uji. Akajaribu pembeni. Vile vile.

"Mbichi," akasema.

"Mbichi kabisa," Bibi akamkubalia.

"Nyingine kama hii sijawahi kukutana nayo." Akakuna kichwa. "Na mlangoni haturuhusiwi, mlango mtu huweza kuuhamisha. Basi ngoja ukauke. Nitarudi Ijumaa."

"Karibu sana. Chai je?"

Akanywa chai, akashukuru, akaenda zake. Fundi alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea. Kisha akaitazama ndoo. Akaichukua, akachota maji kwa kiganja, na taratibu, kama anayenyunyizia kitambaa kabla ya kupiga pasi, akaurushia ukuta.

Mama Mkaa ndiye wa kwanza kuelewa, akaanza kucheka kile kicheko chake cha kukosa pumzi, na Bibi akasema, "Usimwage mwingi, utaporomoka. Kidogo kidogo."

*

Mipango alipita jioni, akaona, akaeleza kwa vidole jinsi walivyo wajinga. "Mtaloweka mpaka lini? Mpaka mvua za mwakani? Hawa ni serikali! Watakuja na polisi, watakuja na karatasi nyingine. Fidia itapungua, mtabaki na tope lenu."

"Itapungua ya nani?" Mwalimu akamuuliza. "Shemeji, mwenye nyumba yuko hapa, hajaomba fidia. Wewe unaihesabu kwa niaba ya nani?"

"Mimi ni mtoto wa kwanza!"

"Basi shika ndoo, mtoto wa kwanza," Bibi akamwambia.

Hakushika. Aliwasha pikipiki, akaondoka na moshi. Mtu kama Mipango habadiliki kwa sababu ya ukuta, na sitawadanganya hapa.

Lakini alipoondoka, Kinyozi alikuja, amevaa aproni yake, nywele za mteja bado mabegani. Alisimama anautazama ukuta, anautazama wake, anautazama tena.

"Bibi, samahani. Hilo tope... linashika hata juu ya rangi?"

"Rangi gani?"

"Nyekundu, kwa mfano."

Bibi akaitazama X ya Kinyozi. "Ukikwaruza kwanza, linashika."

Alhamisi kutwa nzima safu ile ilinuka udongo. Mke wa Kinyozi alikanyaga tope, na wapita njia wanasema alikuwa anataja jina la mumewe kila hatua. Bibi alipita nyumba hadi nyumba na fimbo yake, anafokea watu wazima. Hili jepesi, hilo zito, wewe unakandika au unapaka siagi? Mwalimu alitoka shuleni mchana, akaingia moja kwa moja kwa Mama Mkaa, akamkwaruzia X yake kwa kigae mpaka mikono ikatoa malengelenge. Waliojua kuvuta mistari walikuwa wachache, vikongwe wawili watatu ambao watoto wao walikuwa wamewakataza kusumbuka, na siku hiyo walitolewa vitandani wakaheshimiwa kama madaktari. Nyumba moja ilikandikwa vibaya, ikaporomoka ukuta nusu, ikarudiwa.

Ijumaa Mwenyekiti alikuja mwenyewe. Alimleta mpakaji, akaleta na askari mmoja. Gari lilipoingia barabarani likapunguza mwendo, halafu likasimama kabisa, kwa Kinyozi, kwa sababu Mwenyekiti alikuwa ameuliza kitu na dereva hakuwa na jibu.

Safu nzima ilikuwa ya udongo mpya. Nyumba kwa nyumba, magamba kwa magamba, mengine mazuri, mengine masikio matupu, yote yanachuruzika maji.

"X ziko wapi?" Mwenyekiti akaguta.

"Zipo, Mheshimiwa," Kinyozi akajibu kwa adabu. "Ziko ndani. Hazijafutwa."

Mwenyekiti akashuka. Alitembea mpaka kwa Bibi kwa hatua za mtu anayekwenda kupiga mtoto. Bibi alikuwa barazani, na safari hii hakuna aliyesogeza kiti. Mwalimu alikuwa mbele ya ukuta, kati ya mlango na dirisha, gauni limekunjwa, mikono imejaa tope hadi viwikoni.

"Paka," Mwenyekiti akamwamuru mpakaji.

"Mheshimiwa, ni mbichi."

"Paka hivyo hivyo! Picha itoke tu!"

Mpakaji alichovya, akapaka haraka haraka, mkono mzito, mstari mmoja, mstari wa pili. X ikakaa kwa shida, nyekundu iliyochanganyika na tope, inachuruzika. Akaweka kopo chini ili atoe simu mfukoni. Kabla hajaitoa, Mwalimu alitupa tonge la udongo juu ya ile X, akalipapasa kwa kiganja, akavuta vidole vitatu. Duara. Duara. Duara. X haipo.

Askari alimwangalia Mwenyekiti. Mwenyekiti alimwangalia Mwalimu, na sauti yake ikashuka ikawa mbaya zaidi. "Mwalimu. Wewe ni mtumishi wa umma. Unajua unachofanya ni kosa? Unajua naweza kukuandikia mashtaka?"

Ningesema uongo nikisema Mwalimu hakuogopa. Aliogopa kazi yake, aliogopa askari, aliogopa kesho. Barabarani watu walikuwa wametoka wote, na kila mmoja alikuwa ameshika kitu, ndoo, beseni, sufuria, chochote chenye tope. Nyuma yake alisikia Bibi anapumua.

"Andika, Mheshimiwa," akasema. "Mimi pia niliandika sana. Andika kwamba umenikuta nakandika nyumba yetu."

Akainama, akachota tonge lingine, akaligeuzageuza mkononi mpaka likawa laini. Kisha akamgeukia mpakaji, aliyekuwa bado amesimama na brashi yake inadondosha nyekundu.

"Paka tena, kaka," akamwambia. "Udongo bado upo mwingi."